Karani wa Punda

Mchana mimi ni karani wa zahanati ya punda, Amu.
Naandika ninachokiona, si ninachoambiwa:
*Jike, kijivu, jeraha bega la kushoto, upana wa vidole vitatu.*
Mwenyewe huapa kuwa kaanguka tu.
Kamba ya shogi husema mengine.
Daftari halina safu ya viapo.

Usiku mmoja wa Rajabu, usingizi umenisusa,
nikafungua kamusi elezo ya mtandaoni,
ile inayoandikwa na yeyote mwenye vidole na subira,
nikatafuta *punda*.
Mistari miwili.
Wa kwanza: *Punda ni mnyama mjinga wa kufugwa.*
Juu yake kitufe: *Hariri.*

Nikafuta neno moja. Unajua lipi.
Nikabaki nimeshika simu kama mwizi aliyeshika kuku,
nikingoja mlango ugongwe.
Haukugongwa.
Kulipokucha punda wote duniani,
kwa Kiswahili walau,
walikuwa wameacha ujinga.

Tamaa ikanipanda. Nikajisajili, nikaandika
kwamba punda wa Amu akishatuliwa mzigo
hurudi zizini peke yake,
huzikata kona za Mkomani bila mtu wa kumshika.
Saa haikupita, sentensi haipo.
Mtu ajiitaye Ngonyani, yuko Songea,
kaniachia neno na alama yake:
*Chanzo?*

Chanzo! Nikamwendea Bwanamkuu, mchukuzi wa mchanga,
kijana wa juzi tu, mikono kama makasia.
"Haya ya punda na njia, nani kayaandika?"
Akacheka hata akaweka sepetu chini.
"Ndia haiandikwi, karani. Ndia huandamwa."

Ni kweli. Na haikubaliki.
Hata daftari langu halikubaliki:
huku mtu hawi shahidi wa nafsi yake.

Jumamosi tatu nikakaa na makabati ya ofisi ya mifugo,
nikipuliza mavi ya mende juu ya ripoti.
Moja, ya kupigwa taipu, ukurasa wa tisa,
ilisema kidogo kuliko nilivyotaka:
*baadhi ya punda huonekana wakirudi wenyewe.*
Baadhi.
Huonekana.
Nikameza yangu, nikaandika hayo.
Sentensi ikasimama, na begani mwake
kijinamba, moja, ndani ya mabano,
mzigo usiochubua.

"Wakulipa?" aliuliza Mwanasha, akikuna nazi.
Hawalipi.
"Hata ahsante?"
Jana mtu kaniita mharibifu.
Akaigonga mbuzi, machicha yakadondoka.
"Hisani ya punda ni mateke.
Wewe umekwenda kuyatafuta kwa tochi."

Sikuwa na jibu, na sina hata leo.
Ila chini ya kurasa fupi fupi huandikwa:
*makala hii ni mbegu.*
Neno hilo lilinikaa.
Kila usiku nikawa natia maji kidogo,
koma hapa, tarehe pale,
kijiji ambacho mtu alikiweka upande wa pili wa mkondo
nikakirudisha kwao.

Usiku wa mvua niliandika mimba ya punda.
*Miezi kumi*, nikaandika,
na umeme ukakatika kabla ya *na miwili*.
Nikalala.

Siku ya tano ndipo nilipokumbuka,
sindano mkononi, punda kanikodolea.
Nikakimbia nje kutafuta mtandao.
Ngonyani kanitangulia kwa dakika nne.
Kasahihisha, kaweka chanzo, hakusema kitu.
Mtu ambaye sijui hata kama ana ndevu.

Lakini daftari la Athmani Lali, mwana wa jirani, gredi ya tano,
limeandikwa kwa wino.
Nililiona jioni ile limefunuliwa dakani:
*Punda hubeba mimba miezi kumi.*
Na mwalimu, kwa kalamu nyekundu,
kaweka alama ya vema.